Grisi Yangu na Ukuta wa Toongabbie

Niliondoka Kigoma kwa sababu mbili, nikawaambia watu moja. Niliyowaambia ni kwamba mdogo wangu Eufrasia amenialika Australia baada ya miaka tisa bila kuonana. Ya pili ni kwamba nilikuwa nimeharibu mashine ya mtu kwa njia ya simu.

Ilikuwa hivi. Mimi ni mama ninayeuza vipuri vya magari pale Mwanga, hapohapo mjini Kigoma, na kaunta yangu imenifundisha kwamba chuma kinacholia kinaomba grisi. Eufrasia aliolewa na Deo, Mrundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi huko Kasulu, kisha wakahamishiwa Sydney pamoja na mama yake Deo, Bibi Venansia. Mwaka jana Deo akanunua karavani kuukuu, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari. Ukibonyeza kitufe, ukuta wake mmoja unatoka nje na kitanda chake, kama mtoto wa meza anavyovutwa, na chumba kinapanuka. Ukitaka kusafiri unaurudisha ndani. Siku moja ule ukuta ukaanza kulia. Deo akanipigia simu.

"Shemeji," nikamwambia, "paka grisi. Usipake kama bahili anayepaka siagi. Paka ionekane."

Akapaka, ikaonekana. Baada ya wiki tatu ukuta ukakwama nusu, si ndani si nje.

Hilo lingekuwa jambo la kucheka kama si Bibi Venansia. Ijumaa Kuu kanisa lao lilikuwa linakwenda kupiga kambi pwani, kusini ya Sydney, na kati ya wageni alikuwamo dada yake Bibi, Skolastika, aliyepelekwa Adelaide, mji mwingine wa mbali kulekule Australia. Hawakuwa wameonana tangu malori yalipowatenganisha kambini. Bibi alivunjika nyonga, anatembea kwa kiti cha magurudumu, hemani hawezi kulala, na vyumba vya kupanga kule vilikuwa vimekwisha zamani. Ndani ya karavani kiti chake kinageuka pale tu ukuta unapokuwa nje. Na barabarani karavani haitoki mpaka ukuta uwe ndani. Kwa hiyo ama ukuta uende na kurudi, ama Bibi abaki nyumbani. Skolastika naye, nilivyoambiwa, si mtu wa kusubiri Pasaka nyingine nyingi.

Ijumaa, wiki moja kabla ya Ijumaa Kuu, nikafunga safari. Mizigo miwili, niliihesabu mara mbili Kigoma, mara mbili Dar es Salaam, na mara mbili kule Uarabuni tulikobadilishia ndege. Ndani yake kulikuwa na pakiti tatu za dagaa na makopo mawili ya grisi nzuri, zawadi kwa shemeji. Ndiyo, grisi. Wakati huo nilikuwa bado naamini aliipaka kidogo.

Jumapili jioni, uwanja wa ndege wa Sydney, nikatangaza kila kitu kwenye fomu, maana nilikuwa nimeonywa kwamba pale mtu hasamehewi hata kiazi. Ofisa mmoja kijana, mpole kama muuguzi, akafungua, akanusa, akachukua dagaa, akaniachia grisi. Nikajaribu kumpa grisi ili nibaki na dagaa. Akacheka kweli, lakini mkono uliokuwa juu ya dagaa haukucheka.

Deo alinipokea kwa treni. Gari lake analo, ila ukuta uliokwama ulikuwa umeziba njia ya kutokea uani. Nilihesabu vituo kwenye ramani ya ndani ya behewa, kisha nikavihesabu dirishani, vikalingana hadi Toongabbie, mtaa wanaoishi. Nchi ambayo ramani yake inalingana na dirisha naiheshimu.

Nyumbani Bibi Venansia alinishika mikono yote miwili, akaniuliza habari za kila mtu wa Kasulu, wengine wakiwa wamekufa kabla sijazaliwa. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni, limefungwa kwa kamba. Eufrasia akaninong'oneza kwamba limekaa hapo wiki mbili, na kila likiondolewa mama analirudisha. Kisha akasema, akikunja uso, kwamba mumewe ndiye aliyeharibu karavani kwa kujifanya fundi. Nikamtazama Deo. Deo akatazama viatu vyake.

Kumbe hakunitaja.

Jumatatu asubuhi tukapanda treni kituo kimoja tu hadi Seven Hills, kwenye mitaa ya karakana na maghala. Huko yuko mama mmoja anaitwa Lorraine, mwenye nywele nyeupe na magoti yaliyofungwa vikinga vya sponji, anayetengeneza karavani uani kwake. Jambo la kwanza lililonishtua ni kwamba uwanja wake ulikuwa na karavani kumi na moja, nilizihesabu mara mbili, na sakafu haikuwa na doa la mafuta hata moja. Kwetu karakana isiyo na doa ni karakana isiyo na kazi.

Deo alimwonyesha picha kwenye simu. Lorraine akavaa miwani, akatazama, akavua miwani. Akauliza nani amepaka grisi kwenye reli.

"Ni mimi, madame," Deo akasema, akichomeka Kifaransa cha shule ya kambini. "Mashine ilikuwa inalia, donc nikapaka mingi."

Nami nikanyamaza. Nimefanya biashara maisha yangu yote, najua bei ya kunyamaza, na ile ilikuwa ghali.

Lorraine hakugomba. Alitueleza polepole, kwa Kiingereza ambacho hata mimi nilikifuata, kwamba grisi ni ya mahali palipofunikwa. Reli za ukuta ule ziko wazi chini ya karavani, karibu na barabara. Ukizipaka grisi umeweka gundi ya kukamatia vumbi. Vumbi likichanganyika na grisi linakuwa msasa. Na mpira wa kuzuia mvua, ule unaozunguka ukuta, mafuta ya petroli yanauvimbisha mpaka unang'ang'ania. Alisema yote hayo huku kopo langu la zawadi, nililokuja nalo kumwonyesha, likiwa mkononi mwangu. Nikalishusha taratibu, nikalirudisha kwenye mfuko.

Tatizo jingine: foleni yake ilikuwa imejaa hadi baada ya Pasaka. Nikamwomba Alhamisi, akakataa. Nikamwomba saa moja ya Jumatano, akakataa kwa upole uleule. Hapo macho yangu yakaangukia ukutani mwake, kwenye ndoo nne za skrubu na bolti zilizochanganyika kama maharage ya msaada. Nikamwambia: nifundishe kazi nikaifanye mwenyewe, nami nitakupangia ndoo zote nne kwa saizi, kila moja imehesabiwa mara mbili. Alizitazama ndoo, akanitazama mimi, akazitazama ndoo tena.

"Anza na ile kubwa," akasema.

Siku ile nzima nikapanga bolti huku yeye akifanya kazi zake na kunifundisha. Alinionyesha kwenye karavani ya mteja mwingine. Kwanza simamisha karavani sawasawa, pima kwa pima maji, kwa sababu ukuta unaotoka kwa mshazari unakula meno yake wenyewe. Chomoa betri kabla ya kuingiza vidole. Mota ikigoma usibonyeze kitufe kwa hasira; kuna mpini wa kuzungushia kwa mkono, na mkono wako utasikia kile ambacho kitufe hakisikii. Safisha hadi chuma kiwe kitupu, kausha, kisha puliza mafuta makavu, yale yanayotoka kwenye kopo kama moshi na kukauka papo hapo. Mpira uoshe kwa maji na sabuni, uupake dawa yake isiyo na petroli. Toa ukuta, rudisha, toa, rudisha, futa kilichozidi.

Nilipiga magoti kuitazama reli aliyomaliza. Nikamwambia sioni alichopaka.

"Ndiyo vizuri," akajibu, akaondoka zake.

Lazima nieleze kwa nini jibu hilo lilinikaa. Kwetu fundi akimaliza kazi anaacha grisi kidogo nje ya kiungo, makusudi, ili mwenye gari aione na kuridhika. Mteja hulipia anachokiona. Mimi mwenyewe nimewafundisha mafundi wengi hivyo: paka ionekane. Hapa mwanamke huyu ameishi na kuzeeka kwa kazi isiyoonekana, na wateja wanapanga foleni hadi baada ya Pasaka. Sikumwonea wivu, nilimstahi tu.

Jumanne na Jumatano tulilala chali chini ya karavani, Deo upande wa mbele, mimi nyuma na kitenge changu cha kazi. Tulikwangua grisi yangu kwa vijiti vya mbao, ikatoka nyeusi, nzito, na majani makavu na mchanga ndani yake. Ndoo nzima. Nilimwambia Deo kwamba kwetu ile ingetosha basi la abiria.

"Shemeji, weye ulisema ionekane," akanijibu kutoka upande wa pili, bila lawama, kama mtu anayesoma maagizo kwenye chupa ya dawa.

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja kwa mkewe. Akasema dada mkubwa akisafiri nusu ya dunia kuja kwako, humpokei na mashitaka.

Jumatano alasiri tukakausha, tukapuliza mafuta makavu, tukazungusha mpini. Ukuta ukatoka nje wote, laini, bila sauti. Tukashangilia mapema. Tulipourudisha, ukafika palepale pa zamani, ukasema *tk*, ukagoma. Tukajaribu tena. *Tk*. Deo akashika mpini kwa mikono miwili kutaka kulazimisha, nikamwekea mkono juu ya wake. Lorraine alikuwa amesema mkono husikiliza.

Alhamisi asubuhi Deo alikwenda kazini kwenye nyumba ya wazee, na Eufrasia alikuwa zamu ya hospitali. Tukabaki mimi na Bibi. Alisogeza kiti chake hadi uani, akakaa kivulini mwa ule ukuta, akinitazama kama mtu anayeangalia mbuzi wa jirani.

Sikuweza tena. Nikamwambia yote: simu, grisi, na kwamba mwanawe hana kosa.

"Nilijua," akasema. "Deo akidanganya anatazama viatu. Alianza akiwa hana hata viatu, anatazama vidole." "Sasa umetubu. Rudi chini. Skolastika hatasubiri toba yako."

Nikarudi chini. Na kwa kuwa sikuwa na maarifa mengine, nikafanya ninachokijua: nikahesabu. Chini ya kila reli kuna msumeno wa meno unaotafunwa na gia ndogo. Reli ya mbele, sehemu iliyo wazi, mapengo arobaini na manne. Ya nyuma, arobaini na tatu. Nikadhani nimekosea, nikahesabu tena. Arobaini na nne, arobaini na tatu. Reli mbili za kiwanda kimoja, zinazobeba ukuta mmoja, haziwezi kutofautiana jino. Nikapita tena ya nyuma kwa ukucha, pengo baada ya pengo, mpaka ukucha ukapita mahali bila kuzama.

Lilikuwa jiwe. Dogo kama punje ya mahindi, rangi ya chuma hasa, limelala ndani ya pengo kama limezaliwa humo. Grisi yangu ililikaribisha, gia ikalishindilia. Nililichokonoa kwa msumari, likadondoka juu ya kifua changu.

Nikapiga pengo brashi, nikapuliza, nikafuta. Nikapanda juu ya ngazi kufagia majani kwenye paa la ule ukuta, maana hayo nayo yakiingia ndani ni mgogoro mpya. Nikapima usawa, nikarudisha betri, nikamwita Bibi abonyeze mwenyewe kitufe kilicho kando ya mlango.

Akabonyeza. Ukuta ukapita pale pa *tk* bila salamu, ukaingia, ukajifunga. Akabonyeza tena, ukatoka. Mara ya tatu nilimwambia inatosha, Mama, tusichoshe betri.

"Weye unahesabu mara mbili," akasema, "mimi tatu."

Ijumaa Kuu asubuhi begi lenye kamba likaingia garini la kwanza. Njia nzima nilisikiliza magurudumu. Saa nane mchana tukafika kambini, bahari ikisikika nyuma ya miti. Deo akapima usawa mara mbili. Nadhani aliiga kwangu. Ukuta ukatoka, Bibi akapandishwa, kiti kikageuka.

Skolastika alikuja kwa fimbo, mfupi kuliko nilivyomfikiria. Aliketi kwenye kile kitanda cha ukutani, Bibi akamsogelea kwa kiti mpaka magoti yakagusana. Nilitegemea kilio. Skolastika alimwangalia mdogo wake kwa muda, akasema kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie, "Umenenepa."

"Na weye umechelewa," Bibi akajibu.

Kisha wakaanza Kirundi, na hicho hakikuwa chetu. Tukatoka nje, Eufrasia na mimi na Deo. Hapo nikamwambia mdogo wangu ukweli wa simu. Akamwomba mumewe msamaha mbele yangu. Mimi akaniahidi kwamba Krismasi zote zilizobaki nitaosha vyombo.

Kabla ya kuondoka Sydney nilirudi Seven Hills kumaliza ndoo ya nne. Lorraine alichota kiganja cha bolti, akazihesabu, zikalingana na karatasi yangu. Akanipa kopo la mafuta makavu kwa ajili ya dukani. Uwanja wa ndege wakalichukua. Jiwe wakaniachia.

Sasa niko Mwanga, kaunta ileile. Wiki iliyopita dereva mmoja aliniletea mlango wa basi dogo unaoteleza kwa reli, ulikuwa unalia. Nilimwita fundi, nikamsimamia: kwangua, futa, kausha, tia kidogo unga wa grafiti, ule mweusi kama wa penseli, futa tena. Dereva akainama, akakagua, akasimama amekunja uso.

"Mama, mbona sioni grisi?"

Nikamwambia afunge mlango. Akaufunga. Haukusema kitu.

Akaufungua, akaufunga tena.