Rafu Iliyongoja Euro

Jambo hili nimelificha miaka, na hata sasa nikipita karibu na ile maktaba navuta kofia mpaka kwenye nyusi, lakini kwa kuwa leo tumekaa wenyewe kwa wenyewe na chai ipo, nitawaeleza jinsi nilivyojiaibisha mbele ya kadamnasi, mbele ya kwaya nzima, mbele ya bosi wangu, na mbele ya mama mmoja ambaye hakunikosea chochote. Chekeni, nimeshazoea. Ila mkimaliza kucheka mnisikilize hadi mwisho, maana mwisho wake hauchekeshi.

Mnajua nilikuwa nafanya kazi maktaba, ile ya mtaani, upande wa Vällingby, hukuhuku Uswidi (msiniulize ipi). Bosi wangu Birgitta, Mswidi mpole asiyepandisha sauti hata umkanyage, akaniita siku moja akasema tumekubaliwa kuwa na rafu ya vitabu vya Kiswahili, na kwa kuwa mimi Mtanzania ndiye Mswahili pekee pale ndani, basi nichague na kununua mwenyewe. Jamani, kichwa kilivimba! Nikatangaza kila mahali, msikitini kwetu, kanisani kwa Wakongo, kwenye harusi za watu nisiowajua, mpaka nikapewa jina, Rashidi wa Vitabu.

Aliyefurahi kuliko wote ni Mama Furaha, mtu mzima kutoka Uvira kule Kongo, aliyekuwa akilea mjukuu wake Esta kwa sababu mama wa mtoto alifanya kazi za zamu hospitalini kule Flemingsberg. Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Huku alikuwa bibi tu wa kusukuma kigari cha mtoto, na kila alipokuja maktaba alizunguka rafu zote akizigusa, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu. "Papa Rashidi," aliniambia (kwao hata kijana asiye na mtoto anaitwa papa, na mimi nilipenda), "huyu mutoto namuongelesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi. Karibu anaanza masomo. Nataka kitabu kimoja tu cha hadithi, nimusomee sasa, angali anakubali kukaa kwa magoti yangu."

Nikamjibu, "Mama, hesabu umeshakipata."

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Vitabu nilivipata kwa Papa Dieudonné, Mkongo mwenye duka Brussels, aliyekuwa akileta vitabu vya watoto kutoka Nairobi na Dar, na bei zake zote zilikuwa za euro, ile pesa mpya ya Ulaya. Sisi huku tulibaki na krona, kwa hiyo maktaba ikinunua kitabu Ubelgiji, benki nayo inakata chake cha kubadilisha pesa, na hilo lilikuwa linaniuma utadhani zinatoka mfukoni mwangu. Na mwaka ule ndio Waswidi walikuwa wanajiandaa kupiga kura, waingie kwenye euro au wabaki na krona yao, mabango kila kituo cha treni, watu wanabishana mpaka kwenye foleni ya maziwa. Mimi niliwahi kusoma kozi ya jioni ya uchumi (sikuimaliza, lakini hilo nilikuwa sisemi), nikapiga hesabu kichwani nikajiambia, Rashidi, kwa nini uilishe benki? Ngoja wapige kura, wakubali, ununue kwa euro moja kwa moja, upate na vitabu vya ziada. Birgitta akaniuliza kama nina uhakika, nami nikamjibu kwa madaha ya waziri wa fedha. Papa Dieudonné akapiga simu, "Mon frère, makartoni yako tayari, nitume?" (Mon frère ni ndugu yangu, Kifaransa chao.) Nikamwambia atulie kwanza, huku tunabadilisha pesa.

Na kwa kiherehere changu nikapanga kabisa shughuli ya kuzindua rafu, Jumamosi inayofuata kura.

Kura ikapigwa, Waswidi wakakataa. Nikaenda kazini Jumatatu nimenywea, na mwenzangu mmoja wa kaunta, huku anakoroga kahawa, akaniambia kwamba hata wangekubali, krona isingeondoka kesho yake, ingechukua miaka. Miaka! Mimi nilidhani ni kama kubadilisha shati. Nikakimbilia simu, nikampata Papa Dieudonné, nikamwambia tuma haraka, akashangaa. "Mon frère, si ulisema nitulie? Shule moja ya hapa imevichukua vyote. Mzigo mwingine bado uko kwenye meli."

Hapo mtu mwenye akili zake angesema ukweli, shughuli ikaahirishwa. Lakini watu wetu mnawajua. Kwaya niliyoialika kutoka Södertälje ilikuwa imeshashona sare, akina mama wameshagawana nani atatwanga pondu, kisamvu chao, na nani atakaanga sambusa, utaanzia wapi kumwambia mtu aliyekwisha kujiandaa kwamba shughuli haipo? Niliona haya. Nikaamua kufa na tai shingoni.

Ijumaa baada ya kufunga nikashuka stoo, nikapandisha vitabu vya Kiswidi vilivyokuwa vinangoja kutupwa, nikavipanga kwenye rafu yetu, migongo imetazama ukutani ili majina yasionekane, kisha nikaifunika rafu nzima kwa kanga ya mke wangu. Mpango ulikuwa rahisi: kwaya iimbe, Birgitta aseme machache, mimi nifunue kanga kidogo tu pale juu, watu wapige makofi, halafu nitangaze kwamba chakula kinapoa. Nani angebaki kukagua vitabu sambusa zikiwa mezani? Vya kweli vingefika baadaye na mimi ningevipanga kimya kimya.

Basi bwana, watu wakajaa. Kwaya ikaimba mpaka wazee wa Kiswidi waliokuja kusoma magazeti wakavua miwani. Birgitta akasema maneno yake, akamaliza, halafu (na sikumtuma!) akasema rafu hii itafunguliwa na msomaji aliyeiomba kuliko wote, Mama Furaha. Mama huyo, kitenge kipya, kilemba kimesimama, akamshika Esta mkono wakaja mbele. Nikasema, "Mama, ngoja nikusaidie," nikashika pembe moja ya kanga nisiiachie, yeye akashika nyingine akavuta, nami nikavuta kwangu, tukawa kama watu wanaogombea shuka usiku wa baridi, na akina mama wakadhani ni mbwembwe za shughuli, wakazidisha vigelegele. Mama alinishinda nguvu. Kanga ikaja yote.

Akachomoa kitabu kikubwa, jaladani kuna farasi. Esta akaruka. "Häst! Koko, häst!" (Koko ndiyo bibi kwao, na häst ni farasi.) Akamvuta bibi yake mpaka kwenye kiti, akampanda magotini, akamwamuru, "Läs!" Soma. Mama akavaa miwani. Akafungua ukurasa, akautazama, akafungua mwingine. Kiswidi kitupu, namna ya kusafisha kwato. Vigelegele vikaanza kufa kimoja kimoja, mwanakwaya akachomoa kingine kikawa cha kuezeka paa, mwenzake akapata cha kodi ya mapato, na kule nyuma sauti ya Kikongo ikauliza, "Sasa hiki ndicho Kiswahili sanifu cha Tanzania?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Birgitta alinitazama tu akasema, "Men Rashid..." Lakini Rashidi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na tai yangu.

Mama Furaha hakucheka. Alijaribu kuniokoa, au pengine alikuwa anajaribu kuiokoa siku yake, sijui. Aliweka kidole kwenye picha akaanza kutunga, "Kulikuwa farasi moja, alikuwa anakaa juu ya mulima..." Esta akamtazama usoni, akatazama zile herufi, akatikisa kichwa. "Det står inte så, Koko." Haijaandikwa hivyo. (Na kusoma alikuwa hajui, ila alijua bibi anabuni.) Mama akakifunga kitabu taratibu akampa mtoto akishike mwenyewe.

Nilimfuata kwenye sufuria za pondu kumwomba radhi. "Haiko kitu, papa," akasema. "Sasa vitakuja siku gani?" Nikachukua mwiko nikaanza kugawa pondu.

Maana nilikuwa nimeshamtia kwenye shimo refu kuliko alivyojua. Mzigo wa pili ulichelewa, mwaka ukaisha, pesa ya rafu ambayo haikutumika ikarudishwa halmashauri, na mimi nikaondolewa kwenye ununuzi nikarudi kupanga vitabu vilivyorejeshwa. Birgitta, Mungu ambariki, hakunifukuza, akahangaika mpaka akapata fungu jingine, na hatimaye, miaka imeshapita, makartoni yakafika, yakalipwa kwa krona zilezile, na benki ikakata chake kilekile, kiasi kidogo hata naona aibu kukitaja.

Kitabu cha kwanza nilimpelekea Mama Furaha mwenyewe pale alipozoea kukaa, dirishani. Akakipapasa jalada, akakinusa, akacheka kwa furaha, akamwita Esta, ambaye sasa alikuwa msichana wa shule mwenye mkoba mgongoni. Esta akaja, akakitazama kwa adabu. "Den är för småbarn, Koko," akasema. Hicho ni cha watoto wadogo. Akarudi kwenye kiti chake na kitabu chake kinene cha Kiswidi. Kilikuwa cha farasi. Tangu siku ile ya shughuli, mama yake aliniambia, hataki kusoma kitu kingine.

Mama Furaha akavaa miwani akaanza kukisoma peke yake, kwa sauti ya darasani, polepole, akigeuza ukurasa ili picha zitazame upande wa mtoto. Esta hakuinua kichwa. Nami nilisimama pale na kigari changu cha vitabu mpaka akafika ukurasa wa mwisho, kwa sababu nilihisi angalau mtu mmoja amsikilize.

Tangu hapo mtu akiniomba kitabu, sitazami bei wala habari za dunia. Nakiagiza siku hiyohiyo.