Mchoro wa ukoo uliomnyima Mize mama yake

Maji yamekupwa Mlingotini, na Mize Sufiani yumo baharini mpaka magotini, akifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Vidole vimechanika kwa chumvi. Hapumziki.

"Mwani ukioza napanda mwingine," anasema. "Shamba la mama ndilo limekwenda."

Mize, 56, ni mjane. Wazazi wake, Sufiani na Adija, walikuwa binamu, wote wajukuu wa mzee Kibwana, na Mize ndiye mtoto wao pekee. Adija alizikwa Fukayosi, katika shamba la mikorosho ambalo baba yake, Shamsudin, aliwaachia wanawe bila kugawanywa.

Mwaka juzi ukoo uliamua kuandika nasaba yake. Mikdad, kijana wa ukoo anayejua kompyuta, akachora mti: Kibwana shina, wanawe matawi, kila mtu kwenye tawi moja tu. Mize akapelekwa kwa baba. Chini ya jina la Adija pakabaki patupu.

"Nikamuuliza, 'Mikdad mwanangu, mbona mama umemfanya tasa?'" anakumbuka. "Akasema, 'Shangazi, ukikaa matawi mawili huo si mti tena.' Nikamwambia, 'Basi usiwe mti! Mstari mmoja utoke kwa baba, mwingine kwa mama, ikutane kwangu. Yote inashuka tu. Hakuna utakaopanda ukanifanya bibi wa bibi yangu.'"

Mikdad alicheka, akaahidi kurekebisha. Hakurekebisha.

Tawi la Shamsudin lilipokutana kuuza shamba, waliitwa wale tu waliokuwamo kwenye mchoro. Kikao kiliongozwa na Bwanausi, kaka yake Adija. Mize alipata habari mikorosho imeshang'olewa na ukuta wa mnunuzi umejengwa.

Alimfuata Bwanausi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kwani wewe si wa kwa kina Sufiani?"

Mize anatema mate baharini. "Huyu alinibeba mgongoni. Anajua nimetoka tumbo gani. Ule mchoro ulimpa kisingizio tu."

Mikdad sasa amemuunganisha pande zote mbili. "Nimechelewa," anakiri, macho chini.

Mize amefungua shauri katika baraza la ardhi. Hatarajii kurudishiwa shamba. Anaomba geti lifunguliwe siku za Ijumaa.

"Nikamsomee mama Yasini kaburini pake," anasema. "Sasa hivi nasoma nje ya ukuta, na mlinzi ananiuliza, 'Mama, kwani wewe ni nani wake?'"