Mkato wa Octave

Octave ni mdogo wangu, tumbo moja; mimi ananiita yaya, yaani dada mkubwa. Mimi sikukaa darasani. Nilishona nguo Lubumbashi ili yeye akae. Alipofika Johannesburg alipata kazi kwenye ghala la mitumba karibu na Turffontein, akitunza programu za kompyuta yao ya zamani, zilizoandikwa kwa lugha iitwayo RPG. Mwaka 2016 akaniingiza huko nipime mizigo. Yeye kanisani alishaanza kukaa mbele.

Nilipima, nikaandika uzito kwenye mashine. Mfuko wa nguo za watoto ukiwa kilo nane na nusu, niliandika 8,5, mkato katikati, kama tunavyoandika kwetu. Hakuna aliyeniambia vingine.

Siku moja duka la Diepsloot likalalamika: karatasi ya ghala inasema kilo themanini na tano, mfuko wenyewe mwepesi kama mto wa kulalia. Meneja akaniita mwizi. Othmani, mpakiaji kutoka Tanga, akacheka.

"Eish, Mama Héritière, nguo zote hizo za watoto umezivaa wewe?"

Jioni nikamfuata Octave kwake, mtaa wa Observatory. Alifunga mlango kwanza.

"Yaya, kosa si lako. Unachoandika kinaingia kama maandishi tu. Programu yangu ndiyo inayokigeuza kuwa namba yenye desimali, nayo inajua nukta tu. Mkato inautupa, nane na tano zinashikana."

"Basi kesho mwambie meneja."

"Nikimwambia, nafukuzwa mimi."

"Na mimi je?"

"Wewe utashona, yaya. Mikono unayo."

Asubuhi meneja alimwuliza mbele yangu kama mashine inaweza kukosea. Octave aliangalia viatu vyake.

"Mashine iko sawa," akasema.

Nikavua aproni.

Nafasi yangu alipewa Angélique, naye wa Lubumbashi. Ananiambia anaandika 8,5, na karatasi inatoka 8,5. Octave ameshaitengeneza programu yake, kimya kimya. Mimi kila ghala ninaloomba kazi, wanapiga simu kwanza kule, halafu hawanitazami tena usoni.

Nashona. Octave ananiletea suruali zake nizipanue, maana amenenepa.

"Bwana asifiwe, yaya," anasema mlangoni.

"Asifiwe. Geuka," nasema, nami napitisha futi kiunoni mwake.