Kipimo cha Arobaini na Moja

Kazini walimwita Bwana Namba. Miaka sita alikaa chumba cha nyuma, yeye na skrini yake, akilinda maghala arobaini ya mahindi ambayo hakuwahi kutia mguu hata kwenye moja. Kila ghala lilikuwa na kisanduku chenye uzi wa kupima joto la nafaka, nacho kilituma habari hewani kila robo saa. Wenzake walipita mlangoni wakicheka. Hakuna aliyeingia.

Kisanduku cha arobaini na moja hakikuwemo kwenye orodha. Alikifunga mwenyewe jikoni kwa mama yake, mwendo wa siku nzima kutoka pale. Asubuhi akifika kazini alikitupia jicho: joto ishirini na tisa. Mama kawasha jiko, mzima. Simu za nini tena? Taratibu akaacha kupiga.

Jumatatu moja mtunza ghala la tisa alimpigia, sauti juu.

"Bwana Namba, umelala? Mahindi yanaungua huku!"

"Mbona hapa ni ishirini na nne, kaka?"

"Basi njoo utie mkono wako humu, uache kushika skrini!"

Ndipo akakumbuka. Bosi alichukia kuona nafasi tupu kwenye skrini, naye, kwa kumridhisha, aliviagiza visanduku vyote hivi: uzi ukikatika, rudia namba ya mwisho. Mashine haikudanganya. Ilitii.

"Geuza magunia, fungua madirisha," alisema, huku macho yameshahamia kwenye kisanduku cha mama. Ishirini na tisa. Mchana, usiku, siku kumi na moja.

Jiko gani huwaka usiku kucha?

Alipiga. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena.

"Haloo?"

"Mama! Shikamoo. U mzima?"

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi, mama."

"Ahaa. Nilidhani wewe ni wa kutazama tu, kumbe bado unasema."

"Kile kisanduku..."

"Niliuchomoa uzi. Nikasema, akiona kimya atapiga. Siku ya kwanza nilikaa karibu na simu. Ya pili pia. Ya tatu nikaenda zangu kufua."

Angemwambiaje kwamba kimya chake hakikufika, kwamba mwanawe mwenyewe ndiye aliyekizuia njiani?

"Usiurudishe uzi, mama."

"Nani kakwambia nilikuwa na nia hiyo?"

Alasiri aliifuta ile amri kwenye visanduku vyote. Nafasi nne zikabaki tupu. Bosi alifoka mlangoni, akaondoka. Bwana Namba aliitazama ile ya mwisho, ya mama, mpaka saa ya kutoka.