Barua ya Picha Saba

Wateja walimbandika jina la Mama Herufi, naye hakulikataa. Alikuwa mjane wa mwalimu mkuu, mwanamke aliyesoma, na katika chumba chake cha kompyuta moja nyuma ya duka la fotokopi hapakutoka karatasi yenye kutia aibu. Watu walimletea barua za kazi, wasifu na mialiko. Yeye alizigeuza kuwa picha, kisha akazibana ziwe nyepesi kutumwa kwa simu, maana waraka ukifunguliwa kwenye simu mistari hupanguka, lakini picha hubaki vilevile. Kila picha aliifungua kwanza kwenye simu yake kuukuu, akavua miwani na kunyoosha mkono. Akiweza kuisoma, inatoka. Asipoweza, anaanza upya.

"Utazeeka na picha moja, Mama Herufi," mteja mmoja alimtania.

"Nimeshazeeka. Kaa chini usubiri."

Jumatatu moja asubuhi mama yake mzazi aliingia na viatu vya kutokea, akakaa kwenye kiti cha wateja kama mgeni.

"Nataka kumwandikia mdogo wako."

Mdogo wake alikuwa fundi wa mitambo kwenye machimbo ya mbali. Huu ulikuwa mwaka wa tatu hapokei simu za nyumbani, tangu mama alipomwambia mbele ya ukoo mzima kwamba ameiba saa ya marehemu baba. Wiki iliyopita saa ilikuwa imepatikana. Ilipenya kwenye mfuko uliotoboka wa koti la marehemu, ikalala ndani ya bitana miaka yote hiyo.

Mama alisema, binti akapiga chapa, hadi vidole vyake vikasita penye mstari wa mwisho: Nilikukosea mimi. Nisamehe, mwanangu.

"Mama, tuseme tu saa imeonekana. Simu za kambini hupita mikononi mwa wengi. Mzazi kumwomba mwanawe radhi kwa maandishi, watatuonaje?"

"Nilimwita mwizi mbele za watu. Leo watu hao niwaogope kwa lipi?"

"Ninafikiria jina letu."

"Na yeye analitumia hilohilo. Andika. Tena herufi ziwe nzito."

Akaandika. Alipoigeuza barua kuwa picha na kuibana, herufi zikavurugika kama sisimizi waliomwagiwa maji. Alipoilegeza, ikawa nzito mno kwa mtandao wa machimboni. Ilibidi ipunguzwe, na mstari wa kuondoa aliujua. Kidole kikasimama juu ya kitufe. Akamtupia mama jicho, akamkuta anaifuta saa kwa upindo wa gauni, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

Basi hakupunguza neno. Aliikata barua vipande saba, akakuza herufi, na ule mstari mzito akauacha peke yake kwenye picha ya saba. Akavua miwani, akazipima zote. Ya saba ikamshinda. Herufi zilikuwa safi. Macho ndiyo yaliyojaa.

"Soma wewe, mama."

"Inasomeka," mama alisema.

Akazituma zote kwa mkupuo, akasahau onyo analompa kila mteja: tuma moja moja, kwa sababu iliyo nyepesi hutangulia. Picha ya saba, yenye maneno yake machache, ikazipita nyingine zote, na alama ikaonyesha imeshafunguliwa.

"Ameanza na ya mwisho," alisema, akiinyakua simu. "Ngoja nimwandikie nimweleze mpangilio."

Mama akamshika mkono. "Mwache asome."

Wakaikodolea simu macho. Mteja alichungulia mlangoni, akaondoka mwenyewe. Kisha simu ikatetemeka.

Dada, nyingine zinazunguka tu hazifunguki. Mwambie mama hii inatosha. Jumamosi nitakuwa nyumbani.

Mama alitaka asomewe mara mbili.

"Sasa zile sita? Habari za koti nilizieleza vizuri sana."

"Utamsimulia mwenyewe Jumamosi," binti alisema.

Mama akaifunga saa kwenye leso, akaitia kifuani.

"Hii," alisema akiinuka, "usije ukaigeuza picha."