Kipepeo wa Kunde za Koko

Juma lililopita nilikwenda kumsikiliza Mwalimu. Ndiyo, yule yule aliyetufundisha wadudu wakati wa vita. Amerudi Kindu na kitambi, na miwani ya dhahabu, na mashine ya kutupa picha ukutani, na watu wakampigia makofi kabla hajafungua kinywa. Akaonyesha kipepeo mdogo wa buluu, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Akasema kwa Kifaransa cha puani kwamba alimchunguza hapa hapa mtaani Mikelenge, katikati ya njaa, peke yake. Peke yake! Rafiki yangu, nilicheka kwa sauti, na mama aliyekaa kando yangu akanitazama kama nimeingiza mbuzi ukumbini.

Wewe hukuwapo, basi nikueleze. Miaka ile njia za mashamba zilifungwa. Aliyetoka kutafuta muhogo hakuwa na hakika ya kurudi. Shule ilikufa, madawati yakawa kuni. Tulikula kilichoota uani, na uani kwetu koko wangu, mama ya mama yangu, alikuwa na matuta manne ya kunde. Yale manne njo yalikuwa uhai wetu. Asubuhi aliyanyunyizia majivu, mchana alimfukuza kuku wa jirani kwa maneno ambayo siyaandiki hapa, jioni tulikaa na ungo tukimenya, na harufu ya mawese ikianza kutoka jikoni. Chumvi haikuwako. Mpaka leo nikipewa kunde zenye chumvi nyingi naona zimeharibiwa.

Mwalimu alikuwa amepanga nyumba ya pili na alikula kwetu. Kwa kuwa hakuwa na darasa wala chaki, alikusanya watoto barazani akatufundisha kwa vipepeo. Alikwenda kuwakamata mwenyewe ukingoni mwa Lualaba, pale mchanga unapobaki na unyevu na wanaume hukojoa bila haya. Wale wa buluu hutua hapo kwa makumi wakifyonza maji yenye chumvi. Hata wadudu walikuwa na chumvi, sisi hapana. Aliwachoma kwa miiba ya ndimu, mgongo juu, kwenye ubao wa sanduku la sabuni, akatuimbisha: ufalme, kundi kubwa, kundi dogo, ukoo, mpaka aina yenyewe. Sitakudanganya, nilipenda sana. Nilimpenda na yeye pia, mtu anayejua majina ya vitu vyote.

Kwenye ubao wake kulikuwa na mistari miwili. Juu walikaa wa buluu, aliowatoa mtoni. Chini walikaa wa kahawia, waliojipitia tu kwenye kunde zetu. Aina mbili, alisema, mmoja wa mto na mmoja wa bustani, na akaandika hivyo katika kitabu chake chenye jalada jekundu.

Koko alikuwa akipita na ungo. Akainama, akatazama, akasema, "Mwalimu, hawa haiko aina mbili. Huyu njo bwana, huyu njo bibi yake. Geuza mabawa, utaona."

Mwalimu akacheka. "Mama, sayansi haipikwi jikoni."

Watoto wote wakacheka, na mimi nilicheka kuwashinda wote, kwa sababu nilijua kusoma na yeye hakujua. Koko alitikisa ungo wake tu. "Wapi! Debe tupu," akasema, akaenda zake jikoni.

Kesho yake aliingia katika matuta na kopo tupu la maziwa. Unajua, mtu wa kunde hamtafuti funza, huwatafuta sisimizi. Wakizunguka ganda moja bila kuliacha, ndani mna funza, mtoto wa kipepeo; anawatolea tone la utamu mgongoni, nao wanamlinda kama askari waliolipwa vizuri. Siku zote koko aliwaponda hao kwanza, bila huruma. Safari hii aliyachuma maganda yao taratibu, akayaweka koponi, akafunika kwa kipande cha kitenge. Kila siku akaongeza maganda mabichi. Katika njaa ile! Sisi tuligombania punje chini ya meza, na yeye analisha funza. Mama alipomgombeza, alijibu, "Wacha wakule. Mimi nitakula majani." Na kweli, siku kumi na moja sahani yake ilikuwa na matembele tu. Nilizihesabu, kwa sababu fungu lake la kunde ndilo lililokuwa linaingia koponi.

Kisha wakatoka. Koko aliinua pembe ya kitenge mbele ya Mwalimu, na humo mkawa na wa buluu na wa kahawia, wote wa kopo moja. Walipofunga mabawa walikuwa sawa kabisa: mawimbi yale yale ya kahawia na maziwa, madoa mawili meusi, na mkia mwembamba kama uzi. Mwalimu aliwachoma siku zote mgongo juu, hakuwahi kuangalia chini. Na mtoni hawezi kumwona mke, maana mke yuko kwenye maua ya kunde anataga mayai.

"Wanaume wanaenda kunywa, wanawake wanabaki mu shamba," koko alimwambia. "Hata kwa wadudu."

Mama yangu alicheka hadi akakaa chini. Mwalimu hakucheka. Alichukua kopo na vipepeo wote, hata maganda yaliyobaki, akaondoka bila asante.

Siku chache baadaye alikuja kula, akaweka kitabu chekundu barazani kikiwa wazi. Koko akafuta mikono kwenye kitenge, akaniita. "Soma pale. Jina yangu iko?"

Nikasoma. Kifaransa kizuri, mwandiko mzuri. Mwalimu ameandika: nimewafuga, nimewatazama, nimethibitisha. Nilitafuta mstari kwa mstari, nikageuza ukurasa, nikarudi. Mwalimu alikuwa amesimama juu yangu, ananitazama. "Iko, koko," nikasema. "Wameandika njo weye."

Alicheka akafunika mdomo kwa mkono kama bibi arusi. Mwalimu akashusha pumzi na kunipapasa kichwani, na kichwa hicho bado kinaniwasha. Tangu siku ile koko aliwaambia watu kisimani, sokoni, msibani: jina yangu iko mu kitabu ya Mwalimu. Alizeeka na neno hilo. Siku alipokuwa anatuaga kitandani alimwambia hata muuguzi.

Sasa rudi nami ukumbini. Maswali yalipofunguliwa nilisimama, nikamuuliza Mwalimu zile kunde zilikuwa za nani. Akarekebisha miwani. "Za mama mmoja jirani, nadhani." Nadhani! Siku kumi na moja za matembele, na yeye anadhani. Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwangu. Watu wote waligeuka kunitazama, na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikakaa.

Namdharau mtu yule, sifichi. Lakini yeye aliiba tu. Mimi ndiye niliyemfungia mwizi mlango nyuma yake, asikamatwe. Nilipotoka nilipita kwetu Mikelenge. Matuta hayapo, pamejengwa duka la simenti, na baraza imevunjwa. Mtoni mchanga umejaa chupa za plastiki, ila wanaume wa buluu bado wanakunywa pale pale. Wake zao sijui wanatagia wapi siku hizi.

Umeona nimekuandikia haya yote nikimwita koko tu, kama vile Mwalimu alivyomwita mama mmoja jirani. Koko, nilikudanganya. Jina lako halikuwamo. Ulikuwa unaitwa Mwayuma. Mwayuma wa Mikelenge, mwenye kunde. Sasa iko.