Ukuta wa Mawifi

Shangazi yangu ni mshonaji kwa kazi na mkosoaji kwa kipaji. Hata mchungaji akihubiri, yeye hutazama pindo la joho lake. Lakini hakuna alichokikosoa kama ukuta wa mama yangu, wifi yake.

Kikanisa chetu ni cha udongo. Kila mwaka kabla ya mvua, kila nyumba husiriba kwa udongo kipande chake cha ukuta, tabaka moja tu. Cha Shangazi kiko kushoto mwa mlango, cha Mama kulia. Miaka thelathini wamesiriba wakitupiana vijembe.

Mwaka jana wazee wa kanisa walitaka kukibomoa wajenge cha matofali. Shangazi hakula siku mbili. Alibatizwa humo, akaolewa humo, na mumewe aliagwa humo. Akamwita afisa wa mambo ya kale. Afisa akasema jengo lililotimiza miaka sitini halibomolewi, ila ushahidi uko wapi? Karatasi zote zililiwa na mchwa.

"Ushahidi ni ukuta," Shangazi akamjibu. "Kata, uhesabu matabaka."

Afisa akachonga kwa kisu kulia mwa mlango. Tisini na matatu! Tukapiga vigelegele. Shangazi angenyamaza tu, yangekwisha. Lakini aliinama, machozi yakimlenga.

"Hapo msihesabu. Sitadanganya nilipobatizwa. Kila mwaka wifi akiondoka, mimi hurudi nikaurudia ukuta wake. Anasiriba kama anapaka siagi."

Mama akashika kiuno. Nikajua leo patachimbika. Mara akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Basi na upande wako wasihesabu, wifi. Unadhani wako anaurudia nani?"

Afisa, maskini, akazunguka hadi ukuta wa nyuma, kipande cha wachungaji, watu wasio na wifi hapa. Sitini na matatu. Kikanisa kikapona.

Mwaka huu mawifi waliapa mbele ya wote: kila mtu na ukuta wake, mara moja, basi. Mvua ya kwanza ikabandua pande zote mbili za mlango. Kwingine kote hakukuwa na hata ufa.

Jumamosi asubuhi niliwakuta wakipishana mlangoni, kila mmoja na ndoo yake ya udongo, kila mmoja akielekea upande wa mwenzake.

"Kule pembeni ulisahau," Shangazi akasema.

"Nawe juu," Mama akajibu, akakunja mikono ya gauni.